CAD kwa wanaojitengenezea vitu nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibuni. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa sana na watu wanaotaka kuanza kuchora kwa kompyuta ili watengeneze vitu vyao, sio kwa ajili ya ajira ya ofisini. Mi mwenyewe nilianza kwa sababu ya mashine ndogo ya kukatakata majani ya ng'ombe, kwahiyo mifano mingi itatoka hukohuko kwenye shafti, beringi na skwea paipu.

CAD ni nini hasa, na mi inanihusu nini kama natengeneza vitu vidogo tu?

Ni kuchora kitu kwa kompyuta kwa vipimo vya kweli, ukishamaliza mchoro unajua kila kipande kina urefu gani, shimo liko wapi, na vipande viwili vikikutana vitaingiliana au havitaingiliana. Watu wengi wanadhani faida yake ni ile picha nzuri inayozunguka kwenye skrini. Picha ni nzuri sawa, ila faida kubwa ni kwamba unaweza kumpa fundi karatasi moja akakutengenezea ulichotaka bila kukupigia simu mara nne. Ukimwelezea kwa mdomo "niweke shimo katikati hapa", katikati yako na katikati yake ni vitu viwili tofauti, na bati likishatobolewa halizibiki.

Nianze na programu gani? Zipo nyingi nachanganyikiwa.

Kwa mtu wa miradi ya nyumbani jibu langu ni FreeCAD, na sina kigugumizi kwenye hilo. Ni bure kabisa, hakuna leseni ya mwaka mmoja wala toleo la majaribio, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haihitaji intaneti, yaani bando likiisha unaendelea kuchora. Watu walikuwa wanailalamikia zamani na walikuwa na haki, ila toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na limerekebisha mambo mengi yaliyokuwa yanawakimbiza wanaoanza. Kama umewahi kuijaribu miaka ya nyuma ukaichukia, irudie.

Kama unataka michoro bapa tu, mfano mchoro wa geti, dirisha la grili au bati la kukata, chukua LibreCAD. Ni nyepesi mno, hata laptopu ya zamani inaibeba, na inasevu faili za DXF ambazo watu wa kukata kwa leza na plasma wanazitaka.

Tinkercad inafaa mtoto au mtu ambaye hajawahi kabisa, unaburuta maumbo unayaunganisha kama matofali, inafunguka kwenye brauza. Siku moja mbili inatosha halafu hama, maana kwenye vipimo vya kubadilikabadilika itakuchosha.

Fusion ya Autodesk ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi ila imewekewa mipaka, mfano huruhusiwi kuwa na zaidi ya faili 10 zinazoharirika kwa wakati mmoja, na inataka mashine yenye nguvu. Onshape iko kwenye brauza na ni nzuri sana, tatizo ni kwamba ukitumia ile ya bure michoro yako inakuwa wazi kwa kila mtu. Kwa stendi ya redio haina shida. Kwa wazo unalotaka kuliuza kesho, fikiria kwanza.

Jamaa yangu ana AutoCAD ya kukraki, si nichukue hiyo tu?

Usichukue. Zile faili za kukraki ni njia mojawapo ya kawaida ya kuingiza virusi kwenye mashine, na ukishaizoea unajikuta umefungwa kwenye programu ambayo huwezi kuilipia. Halafu kwa kazi zetu huihitaji.

Laptopu yangu ni ya kawaida, itabeba?

RAM ya GB 8 unafanya kazi vizuri, GB 4 unaweza kujifunza ila fungua FreeCAD peke yake bila brauza yenye tabo ishirini. Kitu ambacho watu wanakisahau ni maus. Nunua maus ya waya yenye gurudumu, hata ya bei ya chini, kwa sababu kuzungusha kitu kwa kidole kwenye tachipedi kutakufanya uache CAD ndani ya wiki. Kama huna maus leo, nenda kwenye mipangilio ya FreeCAD ubadilishe staili ya kuzungusha uweke Gesture au Touchpad, ina nafuu kidogo.

Nina simu tu, inawezekana?

Onshape ina app ya simu, unaweza kujifunza nayo na kuangalia mchoro ukiwa kwa fundi. Ila kuchora kitu kizima kwa kidole ni mateso, bora utafute kompyuta ya kuazima siku mbili kwa wiki. Kwa simu fanya kazi nyingine muhimu zaidi, piga picha kitu unachotaka kukichora pamoja na rula ikiwa imelala pembeni yake.

Nikifungua programu nianzie wapi?

Usianzie kwenye programu. Anza na karatasi na penseli, chora kwa mkono kile kitu, chora vibaya tu haidhuru, halafu pima kila kitu uandike namba zote kwenye karatasi. Mtu akija kwangu anasema amekwama kwenye FreeCAD, mara nyingi nikimuuliza "hiki kipande kina unene gani" hajui. Hajakwama kwenye programu huyo, hajapima.

Vifaa vya kupimia ni futi ya chuma, guni (ya kuhakikisha pembe mraba), na venia (kalipa ya kupimia unene na kipenyo). Venia ndio kitu cha kwanza cha kununua ukiwa serious, hata ile ya plastiki ni bora kuliko kukadiria kwa futi, maana kwa futi huwezi kupima unene wa shafti ukajua ni 19 au 20.

Nitumie inchi au milimita?

Milimita, kila mahali, hata kama fundi wako anaongea inchi. Inchi moja ni mm 25.4 na ukianza kuchanganya kwenye mchoro mmoja utapotea.

Ila hapa kuna mtego mkubwa nataka uuelewe vizuri kwa sababu umewala wengi. Jina la bomba sokoni sio kipimo chake. Bomba la maji la chuma la nusu inchi, ukilipima kwa nje ni kama mm 21.3, sio 12.7. La inchi moja kwa nje ni kama 33.7. Yule aliyechora klampu ya tundu la 25.4 kwa ajili ya bomba la inchi moja, klampu yake haiingii hata kwa nyundo. Na skwea paipu nayo unaambiwa ni 25 kwa 25 yenye unene wa 1.5, ukifika nyumbani ukaweka venia unakuta 1.2. Kwahiyo nunua au angalau kapime mali dukani kwanza, ndio uchore. Kama uko Dar ingia Gerezani na venia yako mfukoni, kama uko Nairobi nenda Kamukunji, pima uandike, hakuna atakayekukataza.

Hizi "konstrenti" kwenye skechi ni nini? Zinanichanganya kuliko kitu chochote.

Hapa ndipo roho ya CAD ilipo, kwahiyo nitakaa kidogo.

Skechi ni ule mchoro bapa unaouchora kwanza kabla ya kuupa unene. Kwenye karatasi ukichora mstari umekaa. Kwenye FreeCAD ukichora mstari unaelea, unaweza kuuvuta ukaenda popote, hadi uupe masharti. Masharti hayo ndio konstrenti, nayo ni kama: mstari huu ulale sawa, huu usimame wima, hii miwili iwe na urefu sawa, kitovu cha duara hili kiwe mm 32 kutoka katikati. Kila sharti unaloweka linapunguza uhuru wa mchoro kuyumba. Ukimaliza yote skechi inageuka kijani, maana yake hakuna kitu kinachoelea tena. Usitoke kwenye skechi kabla haijawa kijani. Najua programu itakuruhusu kutoka, we usitoke, maana kile kilichobaki kinaelea ndio kitakachohama siku utakapobadilisha kipimo.

Wazo lenyewe la zamani sana, Ivan Sutherland alipotengeneza Sketchpad kule MIT mwaka 1963 tayari ilikuwa na masharti ya namna hii. Kwahiyo ukilielewa kwenye FreeCAD umelielewa kwenye programu zote.

Ushauri wa pili, kitu kiweke katikati ya ile alama ya sifuri, pale mistari miwili mikuu inapokutana, halafu fanya pande zote ziwe sawa kutoka hapo. Mtu anayechora kitu chake pembeni mwa sifuri anajitafutia hesabu zisizo na sababu.

Nipe basi mfano mmoja wa kitu cha kwanza kuchora.

Sawa, chora sahani ya kufungia beringi. Madukani kuna beringi zinakuja na nyumba yake zinaitwa UCF204, nyumba ya mraba yenye mashimo manne, inabeba shafti ya mm 20. Umbali kati ya shimo na shimo ni mm 64 na boliti zake ni M10, yaani za unene wa mm 10. Nakupa namba hizi uanze ila ukiinunua ipime, maana viwanda ni vingi.

Fungua FreeCAD, faili mpya, ingia Part Design, tengeneza Body, halafu skechi kwenye uso wa XY (ule uliolala kama meza). Chora mraba, uweke upande mm 100, uwe sawa kwa sawa kutoka kwenye sifuri. Katikati weka duara la 30 ili shafti ipite bila kugusa. Halafu maduara manne ya mashimo ya boliti, kila moja kitovu chake mm 32 kulia au kushoto na mm 32 juu au chini, kwa sababu 32 ni nusu ya 64. Yafanye yawe na ukubwa sawa, uweke kipenyo 11. Ikiwa kijani toka, bonyeza Pad (amri ya kuipa skechi unene), weka 6, umepata sahani ya chuma ya milimita 6. Ukishindwa mara ya kwanza futa uanze upya bila kuangalia hapa, mara ya tatu utaifanya kwa dakika kumi.

Mbona shimo 11 wakati boliti ni M10?

Swali zuri na jibu lake limenigharimu. Sahani zangu za kwanza kwenye mashine ya majani nilichora mashimo ya mm 8 kwa boliti za M8, nikaona nimekuwa makini kweli. Boliti moja moja zilipita kwa shida, ila zote nne kwa pamoja hazikupita kabisa, maana shimo likihama nusu milimita tu boliti haina pa kwenda, na baada ya kupaka rangi ndio ikawa mbaya zaidi. Tukakaa na drili tunapanua chuma ambacho kilikuwa kimeshamalizika.

Boliti ya kupita tu inahitaji nafasi. Kwa kazi za kawaida M6 toboa 6.6, M8 toboa 9, M10 toboa 11. Ukitaka kukata uzi ndani ya chuma chenyewe ni hesabu nyingine, hapo shimo linakuwa dogo kuliko boliti: M6 toboa 5, M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5, halafu unapitisha tapu. Na kwenye mchoro usihangaike kuchora meno ya uzi, chora shimo uandike M8 pembeni, fundi ameelewa.

Kwa vitu vya printa ya 3D, kama kipande kinaingia ndani ya kingine, acha nafasi ya mm 0.2 hadi 0.3 kila upande halafu printi kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuprinti kitu kizima kwa muda wa saa tisa.

Nikibadilisha kipimo cha mwanzo kila kitu kinavunjika na kuwa chekundu. Nimekosea wapi?

Kwenye matoleo ya kabla ya 1.0 hilo lilikuwa tatizo la programu yenyewe, ilikuwa inahesabu nyuso za kitu kwa namba, ukiongeza shimo namba zinahama na skechi iliyokaa juu ya uso wa 6 inajikuta iko kwenye uso mwingine. Sasa hivi imepungua sana ila tabia nzuri bado inasaidia: skechi zako ziegeshe kwenye nyuso kuu za XY, XZ na YZ badala ya kwenye uso wa kitu, na kuviringisha kona kuwe kazi ya mwisho kabisa.

Na namba zinazojirudia, kama unene wa bati, ziandike kwenye spredishiti ya humohumo ndani ya FreeCAD uzipe majina. Siku ukikosa bati la 6 ukapata la 5, unabadilisha sehemu moja mashine nzima inajirekebisha. Siku nilipoliona hili likifanya kazi ndio nilielewa kwa nini watu wanaacha karatasi.

Fundi wangu hajui kompyuta, nampelekeaje?

Unampelekea karatasi. Ndani ya FreeCAD kuna sehemu inaitwa TechDraw, unachagua karatasi ya A4, unaweka kitu chako kikionekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, na kapicha kamoja ka kona kinachoonyesha umbo zima, halafu unaweka vipimo. Unatoa PDF unaprinti stationery.

Sasa kwenye vipimo kuwa na huruma na anayesoma. Usiweke kipimo kilekile mara mbili, usimwachie fundi kujumlisha namba tano ili apate urefu wa jumla, na mashimo yapimie kutoka ukingo mmoja au kutoka katikati, sio shimo kwa shimo kwa shimo, maana kosa dogo la kwanza linabebwa hadi la mwisho. Andika chuma gani, unene gani, vipande vingapi. Sehemu ambayo lazima iwe sahihi, kama pale beringi ya 6204 inapokaa kwenye tundu la mm 47, andika wazi na ikiwezekana mpe beringi yenyewe mkononi, fundi wa kukereza akiwa nayo atakereza huku anajaribisha.

Kitu kingine, kuna mitindo miwili ya kupanga zile picha. Mmoja picha ya juu inakaa chini ya picha ya mbele, mwingine inakaa juu yake. Waliosoma TD (uchoraji wa kiufundi) shuleni wanajua vita yake. Chagua mmoja uuandike kwenye karatasi, na ile picha ya kona isikosekane, ndio inayomaliza ubishi.

Kuna njia ya kumrahisishia zaidi?

Ipo na ndio naipenda kuliko zote kwa vipande vidogo. Toa mchoro kwa kipimo cha 1:1, yaani ukubwa uleule, ongeza pembeni mstari wa mm 100. Ukiprinti mwambie wa stationery asiache printa ijipangie kujaza karatasi, iwe asilimia 100. Pima ule mstari kwa rula, ukikuta 97 karatasi haifai, rudia. Ukikuta 100, gundisha karatasi juu ya bati, piga senta panchi kwenye kila kitovu cha shimo, toboa. Nimeona fundi wa mtaani ambaye hajawahi kushika kompyuta akitoboa sahani sita zinazofanana kwa njia hii, na boliti zote zikaingia.

DXF, STEP, STL, nitume ipi?

Kukata bati kwa leza au plasma tuma DXF, na uandike kwamba ni milimita. Kwa mtu mwenye CAD nyingine tuma STEP. Printa ya 3D wanataka STL, ila STL haibebi kipimo, ina namba tu, ndio maana mtu anafungua kitu chake anakuta kimekuwa kidogo mara 25.4, programu ya upande wa pili imedhani ni inchi au kinyume chake.

Kuchomelea kunaingiaje kwenye mchoro?

Chora vipande kama vitakavyokatwa, halafu kumbuka moto unavuta chuma. Fremu uliyoichora ya pembe nyoofu kabisa inaweza kutoka imepinda kama fundi amechoma upande mmoja hadi mwisho. Mwambie ashike pointi kwanza pande zote (achome nukta ndogondogo tu za kushikilia), apime pembe kwa pembe, ulalo huu ulingane na ule, ndio amalizie. Na mashimo ya beringi kwenye fremu yatoboe baada ya kuchomelea kama inawezekana.

Lazima nisome chuo?

Hapana. Ukiweza kozi fupi ya VETA (vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania) ni faida, hasa upande wa kusoma michoro, ila wengi tumejifunza kwa kurudia. Ukipata mahali penye watu wanaotengeneza vitu, kama Twende Arusha au Gearbox Nairobi, nenda ukaone, saa moja na mtu anayejua ni sawa na wiki ya kuhangaika mwenyewe.

Itanichukua muda gani?

Ukichora saa moja kila siku, wiki mbili unachora sahani, braketi za kona na maboksi bila kuuliza. Kuunganisha mashine nzima yenye vipande ishirini, jipe miezi mitatu. Ukiwa na kitu unachokihitaji kweli utafika haraka zaidi kuliko anayefuata video ya kuchora kikombe.

Faili nizitunzeje?

Umeme ukikatika FreeCAD huwa ina nakala ya kujiokoa, lakini usiitegemee, bonyeza Ctrl na S kila ukimaliza hatua. Nakala nyingine weka kwenye flashi. Majina ya faili yawe na maana, "sahani_beringi_v3" na sio "mpya mpya ya mwisho".

Na ile v3 iandike kwenye karatasi yenyewe pamoja na tarehe. Nilishawahi kubadilisha umbali wa mashimo, nikampelekea fundi karatasi mpya, na ile ya zamani ikabaki imebandikwa ukutani kwake. Akakata kwa ile ya ukutani. Siku hizi nikipeleka mpya naichukua ya zamani naondoka nayo.